Unabadilisha breki mwenyewe nyumbani? Soma hapa kabla hujapiga jeki

#1 MwanaKigamboni

Wakuu, habari za Jumapili.

Najua humu ndani tuko wengi tunaobadilisha pedi za breki wenyewe uani. Kazi yenyewe haina uchawi, na hela ya gereji inabaki kwa ada za watoto. Simkatazi mtu, na mimi mwenyewe nitaendelea. Ila jana saa nne asubuhi gari langu limedondoka kutoka kwenye jeki nikiwa nimechuchumaa ubavuni pake. Mwanangu wa miaka tisa alikuwa ndiyo kwanza ameondoka hapo kwenda kuniletea kitambaa. Nimewaza hilo usiku kucha.

Gari ni Toyota IST toleo la kwanza, ya 1300, otomatiki, inavuta kwa matairi ya mbele. Pedi za mbele zilianza kulia wiki iliyopita. Uani kwangu pana pevingi zenye mteremko mdogo wa kupeleka maji ya mvua getini. Kwa macho huuoni, ila mtoto akiweka mpira chini unabingirika wenyewe. Hendibreki yangu waya umelegea tangu mwaka jana, unavuta meno mengi bila kushika. Nikajiambia, gari liko kwenye P (gia ya kuegesha), litaenda wapi?

Nikaanza kulegeza nati za tairi la mbele kushoto kabla sijainua. Tatu zilikubali. Ya nne ikagoma kabisa. Nikasema hii nitaimalizia juu kwa juu. Nikapiga ile jeki ya mkasi iliyokuja na gari, tairi likaachana na ardhi, nikaikamata ile nati na spana na kuisukuma kwa nguvu zangu zote. Nati haikuzunguka. Lililozunguka ni tairi zima, na palepale nikaona gari linanyata kurudi nyuma. Kichwa cha jeki kikaenda na gari, kitako kikabaki kwenye pevingi, jeki ikalala, gari likashuka kwa kishindo. Ukingo wa chini ya mlango umejikunja. Kilichoniokoa ni kwamba tairi lilikuwa bado limefungwa, kwa hiyo gari limeangukia tairi lake. Ningekuwa nimeshalivua, lingeangukia diski ya breki, na mikono yangu ingekuwa palepale.

Sasa jambo ambalo sikulijua na ndilo lililonifanya nianzishe huu uzi: P haifungi matairi. P inafunga giaboksi. Kati ya giaboksi na matairi ya mbele kuna difu, na kazi ya difu ni kuruhusu tairi moja lizunguke tofauti na jingine ili gari likate kona. Matairi yote mawili ya mbele yakiwa chini, P inashika. Ukiinua moja tu, lile la hewani liko huru kuzunguka, na likizunguka kwenda mbele, mwenzake aliye chini anazunguka kurudi nyuma. Nilipokuwa nasukuma ile spana nilikuwa nalisukuma gari langu mwenyewe kwa mkono wangu, na ule mteremko ukamalizia. Wakati ule kitu pekee kilichokuwa na uwezo wa kulizuia ni hendibreki ya nyuma, na yangu ni ile ya jina tu.

Kwa hiyo kwa gari linalovuta mbele, ukiinua mbele, hesabu kwamba P haipo. Weka kabari matairi ya nyuma, mbele na nyuma ya kila tairi. Nati zote zilegezwe gari likiwa chini. Moja ikigoma, kazi inaishia hapo mpaka ikubali ikiwa chini. Na jeki iinue tu, kisha gari likae juu ya stendi, zile za chuma zenye miguu na meno. Leo naenda mtaa wa Gerezani, mjini Dar, kununua jozi moja.

Wataalamu mje mnisahihishe na mwongeze.

#2 Spana14

Pole sana mkuu, na umshukuru Mungu kwa kijana. Mimi ni fundi, niko Mwanza, na nakuunga mkono kwa kila neno kuhusu difu. Nimeona magari yakishuka kwa staili hiyohiyo, na mwenye gari siku zote anasema "lakini niliweka P".

Niongeze ya nyuma, kwa sababu watu watasoma hii na kudhani nyuma ni salama. IST, Vitz, Passo, Raum, nyingi kati ya hizi nyuma zina dramu (breki ya ngoma badala ya diski) na breki shuu. Dramu haitoki hendibreki ikiwa juu, maana hendibreki ndiyo inayozitanua zile shuu zikang'ang'ania dramu kwa ndani. Lazima uishushe. Ukishaishusha gari limebaki na P peke yake. Kwa kuwa matairi ya mbele yote mawili yako chini, P itashika, lakini mimi siwezi kukaa chini ya tani moja kwa kutegemea kijino kimoja cha chuma ndani ya giaboksi. Kabari matairi yote mawili ya mbele kwanza, ndipo ushushe hendibreki.

Wenye Mark II, Hiace na Hilux ya kuvuta nyuma, nyie ndio muwe makini zaidi. P yenu inafunga nyuma. Hendibreki yenu inafunga nyuma. Ukiinua nyuma pande zote mbili, vyote viwili viko hewani na matairi ya mbele yako huru kabisa. Hapo gari limeshikwa na kabari tu. Na wenye manyuo (gia za mkono), gia namba moja ni sawa na P katika hili: inapitia kwenye difu ileile.

Kuhusu nati iliyogoma. Toyota ndogo nyingi nati ya tairi inataka Nm 103 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Kwa spana yenye mkono wa sentimita 30, hiyo ni kama kuning'iniza kilo 35 mwishoni mwa spana. Sasa kijana wa pancha mwenye kilo 80 akipanda juu ya spana na kurukaruka, ameipa zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana ukija kuifungua wewe inakataa. Tafuta bomba la kurefusha mkono wa spana, tairi likiwa chini, gari limekabwa kabari, simama imara na uvute kwa kujaribu taratibu. Ukivuta kwa kushtukiza spana inachomoka na vidole vinaenda kwenye rimu.

#3 BiZuhura_Dom

Naweka kambi hapa. Kaka MwanaKigamboni pole, na asante kwa kutueleza ukweli bila kujificha.

Mimi ni dada niko Dodoma, nina Vitz, na nilipanga kubadilisha pedi za mbele wikiendi ijayo. Pedi nimeshanunua. Nina jeki ya gari na nina jeki ya mafuta ya kuazima kwa shemeji, ile yenye magurudumu. Nina maswali mawili na naomba msinicheke. La kwanza: mnasema gari likae kwenye stendi, lakini sehemu ya kupiga jeki ndiyo hiyohiyo niliyoiona kwenye ukingo, jeki ikiwa hapo stendi nitaiweka wapi? La pili: sina stendi, kuna matofali yamebaki kwenye ujenzi. Yanafaa?

#4 MwanaKigamboni

Dada Zuhura, hakuna wa kukucheka. Swali la kwanza ni zuri kuliko unavyodhani, hata mimi lilinisumbua jana nikiangalia chini ya gari na tochi.

Ukiinama pembeni utaona ule ukingo wa bati unaopita chini ya milango, umesimama kama upindo wa nguo. Nyuma kidogo ya tairi la mbele, na mbele kidogo ya tairi la nyuma, kuna mikato miwili midogo kwenye upindo huo. Katikati ya mikato hiyo bati limeimarishwa kwa ndani. Hapo ndipo jeki ya mkasi inakaa, ule mfereji wa kichwani kwake unaumeza upindo.

Sasa kama una jeki ya magurudumu, usiitumie hapo. Ipeleke mbele katikati, chini ya kile chuma kinene kinachopita upande hadi upande kikiwa kimebeba injini. Inua hapo, halafu stendi zikae kwenye ile mikato, kulia na kushoto. Hakikisha uko kwenye chuma hicho hasa. Jirani yake kuna sampu ya oili (chombo cha oili chini ya injini), na sampu ni bati jembamba, ukiinulia hapo umeitoboa. Kitabu cha gari kina mchoro, na hata kama ni cha Kijapani picha zinasomeka.

Kama una jeki ya mkasi tu, inua kwenye mkato, kisha stendi iende chini ya mahali mkono wa chini wa tairi unapofungwa kwenye hicho chuma kinene. Mahali unapofungwa nimesema, upande wa ndani usiocheza, siyo kwenye mkono wenyewe unaopanda na kushuka.

La matofali namwachia anayejua zaidi, ila moyo wangu unasema hapana.

#5 FundiUjenzi_TZ

La matofali ni langu. Dada, usithubutu.

Tofali la saruji la inchi 6 limetengenezwa libebe mzigo uliotandazwa juu yake lote, ndani ya ukuta, likiwa limelala kwenye udongo wa saruji. Ukingo wa gari unakaa juu ya tofali kwa mstari mwembamba kuliko kidole. Nondo hamna ndani. Na tofali halipindi kabla ya kuvunjika. Mbao ikizidiwa inalia kwanza, chuma kinajikunja, tofali linakuwa zima na sekunde inayofuata ni kokoto. Na haya ya mitaani tunajua yanavyofyatuliwa, mfuko mmoja wa saruji unatolewa matofali mengi kupita kiasi, yanamwagiwa maji siku mbili yanauzwa. Yenye matundu katikati ndiyo mabaya kupita yote.

#6 Mbishi_wa_Hoja

Mimi miaka kumi na tano natumia jeki ya gari na tofali, sijawahi kupata tatizo. Naona tunatishana. Kubadilisha pedi ni dakika ishirini, wala hutakiwi kuingia uvunguni.

#7 Mwl_Fizikia

Ndugu yangu Mbishi, nakuheshimu, ila ngoja nikuonyeshe unachokiegemea.

Wanafunzi wa sekondari tunawafundisha kanuni ya Pascal: presha unayoiweka kwenye kimiminika kilichofungiwa inasambaa sawa kila upande. Pistoni ndogo unaisukuma kwa mkono, pistoni kubwa inainua gari. Breki za gari lako zinatumia kanuni hiyohiyo, mguu wako kwenye pedeli unakuwa nguvu kubwa kwenye kalipa, kile kibano kinachobana pedi kwenye diski. Kwa hiyo jeki ya mafuta, iwe ya chupa au ya magurudumu, imeinua gari lote juu ya mafuta, na mafuta hayo yamezuiwa yasirudi na sili ya mpira na kijigololi cha vali. Chembe ya mchanga ikikaa pale kwenye vali, mafuta yanarudi. Sili ikichanika, mafuta yanarudi. Wakati mwingine inashuka polepole, unarudi kutoka kunywa chai unakuta imepungua inchi. Wakati mwingine inashuka yote mara moja. Jeki haina namna ya kukuambia leo itakuwa ipi.

Stendi haina mafuta wala sili. Ni chuma juu ya chuma, kimeshikwa na jino au pini. Tofauti ni hiyo tu.

Na kuhusu kutoingia uvunguni: ukiwa unabadilisha pedi, vidole vyako viko kati ya diski na tao la tairi, goti lako liko chini ya ukingo, na kichwa kiko usawa wa bati. Hiyo nayo ni sehemu ya kuumia.

#8 Mbishi_wa_Hoja

Kwa tofali nimekubali, maelezo ya fundi ujenzi yameniingia. Kwa stendi bado naona ni gharama kwa mtu anayebadilisha pedi mara moja kwa mwaka.

#9 MwanaKigamboni

Mkuu, kama stendi haipatikani, kuna vipande vya mbao. Chukua mabaki ya mbao ngumu, mninga au mkongo, za inchi 4x4, uzikate zilingane kama futi moja na nusu, uzipange mbili hivi, mbili zikikatiza juu yake, kama tunavyopanga kuni za kuuza. Rundo pana kitako. Zaidi ya hayo, hata tairi la akiba likilala chini ya ukingo ni msaada, ndilo jambo la kwanza nitakalofanya kila nikivua tairi: lile nililovua nalisukumia chini ya ukingo, limelala. Gari likishuka, linakutana na tairi kwanza. Halina gharama hata senti.

Lakini stendi jozi moja unaweza kununua na majirani wawili watatu. Sisi mtaani kwetu jana jioni tumeshakubaliana hivyo.

#10 Likoni_Boy

Salaam kutoka Mombasa. Uzi mzuri sana huu, mafundi wetu wa jua kali pia wausome.

Sisi wa pwani tuna shida nyingine ambayo sijaona mmeitaja: kutu. Chumvi ya bahari inakula ule ukingo wa chini kutoka ndani, na rangi ya nje inabaki nzuri kabisa. Premio ya jirani yangu tuliinua kwenye mkato wenyewe hasa, mahali sahihi kama kitabu kilivyosema, na jeki ikapanda yenyewe ndani ya bati kama kijiko kwenye ugali. Gari likabaki chini, jeki juu. Tangu siku hiyo nikishika gari lolote lililokaa pwani, nagonga kwanza ukingo na mpini wa bisibisi. Bati zima lina sauti kali. Bati lililooza sauti yake ni butu, na ukichokonoa linamwagika vumbi jekundu. Likiwa hivyo, usiinulie hapo, tafuta chuma kinene cha ndani, na gari lipelekwe kwa fundi wa kuchomelea.

#11 Spana14

Likoni_Boy umenikumbusha na mchanga. Ndugu zetu wa Kigamboni, Bagamoyo, Tanga, ua wa mchanga ni hatari tupu. Jeki ya chupa kitako chake ni kidogo kama sahani ya kikombe, uzito wote unashuka hapo, na unazama upande mmoja kwanza. Weka ubao mnene chini, mbao ya 2x6 au kipande kikubwa zaidi, kisawazishe kwa kujaribu kukitikisa kabla hujaweka jeki. Plaiwudi nyembamba haifai, inapinda. Pevingi nazo zikiwa hazijashindiliwa vizuri zinatitia chini ya mguu wa stendi. Lami ya jua la saa saba mchana pia inabonyea, hii nimeiona Shinyanga. Ubao chini, popote ulipo, usione uvivu.

#12 Mswahili_Minnesota

Wakuu, niko Marekani, huku nyumba nyingi zina gereji na watu wanajitengenezea. Naunga mkono stendi kwa asilimia zote, ila stendi nazo zijaribiwe. Mwaka 2020 duka kubwa la vifaa la huku, Harbor Freight, liliwaita wateja warudishe stendi za tani 3 na za tani 6, kwa sababu meno ya kushikilia mhimili hayakuwa yanakamata sawasawa, mzigo ukihama mhimili ungeweza kushuka ghafla. Baadaye mwaka huohuo hata baadhi ya zile walizopewa watu mbadala zikaitwa tena kwa tatizo la kuchomelewa. Nilikuwa nazo mbili, nimezirudisha kwa mikono yangu.

Tangu hapo nanunua zile za pini inayopita kwenye tundu, au zenye meno na pini ya pili ya usalama. Na nikishusha gari juu ya stendi naiacha jeki ikigusa tu, bila kubeba, halafu nasimama mbali nalisukuma gari kwa mkono kutoka ubavuni, kwa nguvu. Likitikisika kwenye springi ni sawa. Likisogea juu ya stendi, nalishusha naanza upya. Kama litaanguka, lianguke mimi nikiwa nimesimama.

Tena watoto, mbwa na wapita njia wote wawe ndani au mbali. Na asiwepo mtu ndani ya gari. Mtu akifunga mlango kwa kishindo gari likiwa juu, umekwisha.

#13 Dereva_Mstaafu

Wanangu, nimeendesha malori ya Tunduma na ya Kigali zaidi ya miaka thelathini. Nilichojifunza kwa jeki ya chupa: isimame wima kama mlingoti. Ikiinama hata kidogo, shusha uanze tena. Na msome kilichoandikwa ubavuni, 2T, yaani tani mbili, ni ya gari dogo. Mtu anaazima ya IST anakwenda kuinulia Prado, ambayo yenyewe inakaribia tani mbili bila mizigo. Inaweza kupanda. Kupanda ndiyo kunakomdanganya.

Kabari za kutengeneza ni rahisi. Kata mbao ya 4x4 kwa mshazari, pata vipande viwili kwa kila mkato. Jiwe la duara halizuii tairi, tairi linalipanda au linalisukuma. Mimi utingo wangu alikuwa anatafuta jiwe barabarani kila tukisimama, siku moja mlima wa Kitonga nikamwambia tukifika tunakata kabari za mbao, na hatukutumia jiwe tena.

#14 BiZuhura_Dom

Shikamoo mzee. Kabari nimekata leo kwa seremala wa hapa mtaani, vipande vinne, amenifanyia bure nilipomwambia ni za nini. Stendi jozi moja nimepata, tani 3, za pini. Naomba sasa mnipitishe kwenye breki zenyewe. Nimeangalia video ila kila mtu ana lake.

#15 Spana14

Dada, ukishakuwa juu ya stendi na tairi limelala chini ya ukingo, kazi iliyobaki ni ya utulivu.

Nyuma ya kalipa kuna boliti mbili za kuteleza, Toyota ndogo mara nyingi ni spana 14 au 12. Fungua ya chini tu, kalipa inainuka kama kifuniko. Kama unalazimika kuitoa yote, ifunge kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwa mpira wa breki, ule mpira ukichanika kwa ndani hutaona kitu, utajua siku unapohitaji kusimama. Pedi za zamani usizipulize, vumbi lake ni baya kwa mapafu, lowesha kwa maji ufute. Pima unene wa kilichobaki: mpya ni kama milimita 10, ikifika 3 badilisha.

Kabla ya kurudisha pistoni ya kalipa ndani, fungua kifuniko cha mafuta ya breki ukague. Unaporudisha pistoni, yale mafuta yanapanda juu, kama mtu alijazia yatamwagika, na yanakula rangi ya gari. Irudishe kwa klampu taratibu, pedi ya zamani ikiwa kati ili usiikwaruze. Paka grisi ya breki kwenye pini za kuteleza, kidogo. Kwenye uso wa pedi na diski isiguse hata tone. Fanya upande mmoja mpaka mwisho ndipo uende wa pili, ili ukisahau kitu kinaingiaje uende kuangalia kwa mwenzake.

Jambo kubwa: ukimaliza, kabla hujawasha gari, kanyaga pedeli ya breki mara nyingi mpaka iwe ngumu. Mara ya kwanza itazama mpaka chini. Pistoni uliisukuma ndani, haijagusa pedi. Mtu asiyejua anawasha, anatia R (gia ya kurudi nyuma), anakanyaga, hamna kitu, anapasua ukuta wa jirani.

Nati za tairi zizungushe kwa mkono kwanza zote nne, zikaze kidogo kwa kukingamana, shusha gari, ndipo ukaze mwisho likiwa chini. Baada ya kilomita 50 hadi 100 zikaze tena.

#16 BiZuhura_Dom

Ndugu zangu, nimemaliza. Masaa matatu mazima kwa matairi mawili, nawaambia ukweli.

Mwanzo nilisimamisha gari, nikaweka kabari nyuma, nikavuta hendibreki. Kisha nikajaribu jambo alilosema MwanaKigamboni kuhusu difu, kwa sababu nilitaka kuliona: nikainua mbele, likakaa juu ya stendi zote mbili, gari likiwa P, nikalizungusha tairi la kushoto kwa mkono kwenda mbele. La kulia likazunguka kurudi nyuma, polepole, bila kuguswa. Nilisimama nikaliangalia kwa muda. Mume wangu naye akaja akaliangalia, na yeye ndiye huwa ananiambia "weka P inatosha".

Nilisukuma kutoka ubavuni kama alivyosema kaka wa Minnesota, stendi moja ikasogea kidogo. Nikashusha. Nikakuta chini yake pevingi moja imeinuka. Nikaihamisha stendi nusu futi, nikaweka ubao, nikainua tena, ikatulia.

Pedi za zamani upande wa kulia zilibaki milimita 2, kushoto zilikuwa 5, yaani zimelika zaidi upande mmoja. Pini moja ya kuteleza upande wa kulia imekauka, ilikuwa haitelezi kabisa. Nimeisafisha nikaipaka grisi. Pedeli ilizama mara nne, ya tano ikasimama. Nimezunguka mtaa mara tatu kwa mwendo wa kutembea, inashika vizuri, hailii.

Swali moja kwa Spana14: yale mafuta ya breki ni meusi kama kahawa. Niyabadilishe sasa au yanangoja?

#17 Spana14

Hongera sana dada, ile pini iliyokauka ndiyo iliyokula pedi za upande huo.

Mafuta usingoje. Yakiwa meusi ni ya zamani, na mara nyingi yameshanyonya unyevu na uchafu. DOT 3 (daraja la mafuta ya breki) mapya yanachemka kuanzia nyuzi 205, yakishanyonya maji kiwango kinashuka mpaka karibu 140, na kwenye mteremko mrefu breki za moto zinafika huko, pedeli inakuwa laini kama godoro. Kwako Vitz ni DOT 3, soma kwenye kifuniko. Kazi hiyo inataka watu wawili, mmoja kwenye pedeli na mmoja kwenye tairi, kwa hiyo gari litainuliwa tena. Nitaandika hatua zake kesho jioni nikitoka kazini. Kabari zako usizitupe.

#18 BiZuhura_Dom

Ziko nyuma ya mlango wa stoo, juu ya stendi. Nakusubiri kesho.